Mwongozo kamili: Namna ya kutengeneza video fupi za kuwafundisha viongozi wa vikundi vya wanafunzi Wakristo, kwa simu tu, hapa Bukavu

Kila mwaka wa masomo unapoanza, napokea video za namna ileile kutoka kwa kamati mpya. Zina dakika 20, nyingine 25. Msemaji amesimama mbali, dirisha liko nyuma yake, uso ni mweusi tititi, na sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Anatoa salamu za makanisa, anaomba, anasoma sura nzima, kisha anahubiri. Kiongozi wa kikundi kule Bagira akiifungua, mega zake za intaneti zinaisha kabla ya dakika ya tano. Na hata akiimaliza, bado anauliza: "Sasa Alhamisi, kikundi kikikutana, nifanye nini?"

Nawaonea huruma, kwa sababu wanajitoa kweli. Tena muda hautungojei. Kwa mfumo wa LMD (leseni, masta, daktari) wa vyuo vyetu, leseni, yaani shahada ya kwanza, ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mtu anazoea chuo, wa pili anapewa kikundi, wa tatu anaandika kazi yake ya mwisho na kuondoka. Mafunzo yakichelewa miezi minne, umeshampoteza huyo kiongozi.

Fuata mpangilio huu jinsi ulivyo angalau kwa video mbili za kwanza. Baada ya hapo badilisha utakavyo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze kabla havijakamilika mezani.

- Simu moja yenye kamera nzuri, na nafasi tupu ya GB 8. Video ya 1080p hula karibu MB 100 hadi 130 kwa dakika, nawe utarudia mara nyingi.
- Simu ya pili, hata ya bei ndogo, ya kurekodi sauti peke yake.
- Spika za masikioni zenye waya, za kusikilizia ulichorekodi.
- Stendi ya simu. Kama huna, vitabu vilivyopangwa juu ya meza na kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli cha kufungia simu vinatosha.
- Vitenge vinne au mablanketi mawili, na godoro moja ukiweza kuliazima.
- Pawabanki iliyojaa. Usitegemee umeme wa ukutani siku ya kurekodi.
- Memori kadi ya kuhifadhia nakala.
- Programu ya kukatia video. CapCut, InShot au VN zinafaa. Chagua moja, uijue vizuri.
- Watu wanne: msemaji, mpiga video, mtu wa kusikiliza sauti, na mtu wa kukaa nje mlangoni. Huyo wa mlangoni wengi humwona wa ziada, kumbe ndiye anayeokoa saa nzima ya kazi.

Maiki ya kubana kwenye kola ni nzuri, lakini si lazima. Ukinunua, tazama pini yake: ya simu ina pete tatu nyeusi, ya kamera ina pete mbili. Wengi hununua ya kamera, wakaichomeka kwenye simu, simu isiitambue.

## Hatua ya 1: Chagua tendo moja

Andika sentensi hii kwenye karatasi na uikamilishe: "Baada ya kutazama video hii, kiongozi ataweza ku..."

Neno linalofuata liwe kitendo ambacho mtu mwingine anaweza kukiona kwa macho. "Kuelewa umuhimu wa maombi" hakionekani. "Kuongoza dakika kumi za maombi ambamo kila mtu anaomba sentensi moja" kinaonekana. Mifano mingine: kumkaribisha mwanafunzi mgeni, kumnyamazisha kwa upole anayeongea peke yake, kufunga kikao kwa wakati, kumtembelea mwenzako aliyefiwa.

Ukijikuta umeandika "na" katikati ya sentensi, hizo ni video mbili. Zitenganishe.

Onyo moja la hapa kwetu. Vikundi vya chuo vinawakusanya vijana wa makanisa mbalimbali ya Kiprotestanti: CEPAC, CELPA, CBCA, Waanglikana na wengine. Mambo ambayo makanisa yao yanatofautiana, kama ubatizo au kunena kwa lugha, usiyaweke kwenye video ya ujuzi wa kuongoza. Hayo yanahitaji mtu wa kujibu maswali uso kwa uso, na video haijibu.

Umefaulu hapa ikiwa mtu asiye wa kamati akisoma sentensi yako anakuambia bila kusita kitendo chenyewe ni kipi.

## Hatua ya 2: Andika maneno yote, kisha yasome kwa sauti

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Nikipewa siku tatu, mbili nazitumia hapa.

Mimi hukadiria maneno 110 kwa dakika kwa Kiswahili cha kufundishia. Video ya dakika tatu na nusu, basi, haizidi maneno 385. Usiseme "nitaongea tu, Roho ataniongoza". Roho huongoza pia mtu aliyeketi na kalamu, na asiyeandika huzunguka.

Andika kwa Kiswahili mnachozungumza kwenye kikundi. Najua masomo yetu ni ya Kifaransa, na wengine huona Kifaransa kinaipa video heshima. Lakini siku ya Alhamisi kiongozi atauliza maswali yake kwa Kiswahili, kwa hiyo ayasikie kwa lugha atakayoyatumia.

Tuchukue video moja tuipange pamoja. Tendo: kiongozi ataweza kuuliza swali linalofungua mazungumzo. Andiko la mazoezi: Marko 4:35–41, Yesu na wanafunzi katika chombo wakati wa dhoruba.

Sekunde 0–15, tatizo. "Ndugu kiongozi, umeuliza: 'Je, Yesu alituliza dhoruba?' Wote wamejibu: 'Ndiyo.' Halafu kimya. Kila mtu anaangalia Biblia yake." Anza na tatizo moja kwa moja. Salamu ndefu na kutaja jina na cheo viache. Mtazamaji akijitambua katika sekunde hizi 15, atabaki.

Sekunde 15–40, mbinu yenyewe. "Swali linalojibiwa kwa 'ndiyo' linafunga mlango. Anza swali lako na nini, nani, kwa nini, au namna gani. Na jibu lake lipatikane ndani ya mistari tuliyosoma."

Sekunde 40 hadi dakika 2:10, onyesho. Hapa msemaji ananyamaza. Wanafunzi watatu wameketi na Biblia, na kiongozi anauliza kweli:

— Wapendwa, tuangalie mstari wa 38. Yesu alikuwa anafanya nini wakati mawimbi yanapiga chombo?

— Alikuwa amelala. Tena kwenye mto.

— Na wanafunzi walipomwamsha, walimwambia nini?

— Walimuuliza kama hajali kwamba wanaangamia.

— Dada, maneno hayo yanakuonyesha walikuwa wanamwonaje Yesu wakati ule?

Halafu kimya. Usikikate! Mwache yule dada afikiri mbele ya kamera, sekunde saba au nane. Tulipofanya zoezi hili, msichana mmoja aliyewahi kuvuka ziwa kutoka Goma usiku wa mawimbi alinyamaza, akafunga Biblia juu ya kidole chake, kisha akasema: "Walijua anaweza. Hawakujua kama anawapenda." Hakuna aliyekuwa ameandika sentensi hiyo. Viongozi walioona kimya kile na jibu lile walielewa somo kuliko maelezo yangu yote.

Dakika 2:10–2:50, kosa la kawaida. "Ukiuliza na hawajibu, usijijibu mwenyewe. Hesabu moyoni hadi kumi. Kama bado, uliza swali hilohilo kwa maneno mepesi zaidi."

Dakika 2:50–3:30, kazi ya nyumbani. "Kabla ya Alhamisi, andika maswali matatu ya Marko 4:35–41. Muulize mwenzako moja. Akijibu kwa neno moja tu, lirekebishe swali."

Ukimaliza kuandika, soma kwa sauti ukiwa umesimama, na mwenzako apime muda. Sehemu ambayo ulimi unakwama, kata sentensi iwe mbili. Rudia hadi ulimi uteleze. Onyesho lisipochukua karibu nusu ya muda, umeandika hotuba. Rudi.

## Hatua ya 3: Mpe mtu mzima katika imani asome

Mchungaji, mzee wa kanisa au mlezi wa kikundi asome karatasi kabla ya kamera kuwashwa. Kosa la mdomoni kwenye kikao unalisahihisha wiki ijayo. Kosa la kwenye video linazunguka simu hadi simu na huwezi tena kulikamata. Mwombe aangalie mambo mawili tu: je, mistari imetumiwa kwa haki, na je, kuna neno litakalomjeruhi mtu?

## Hatua ya 4: Tafuta chumba kwa masikio

Watu husamehe picha yenye giza kidogo. Sauti mbovu hawaisamehe, wanafunga video.

Adui wa kwanza Bukavu ni mabati. Siku moja tulikusanyika kwenye ukumbi huko Kadutu, watu saba, tumejiandaa wiki mbili. Dakika ya kumi mvua ikaanza. Chini ya mabati hatukusikia hata sauti zetu wenyewe. Ilinyesha hadi jioni, siku yote ikapotea, na wawili kati ya wale saba hawakupata tena nafasi. Tangu hapo, kuanzia Septemba hadi Mei narekodi asubuhi, kwa sababu mvua nyingi hupiga baada ya saa sita, na napendelea chumba chenye dari. Juni hadi Agosti kuna nafuu, ila vumbi huingia kwenye lenzi.

Adui wa pili ni mwangwi. Ingia chumbani, piga kofi moja. Ukisikia mlio unabaki ukutani, chumba hakifai bado. Tundika vitenge na mablanketi kwenye ukuta ulio mbele ya msemaji, si nyuma yake tu, maana sauti yake inagonga mbele na kurudi. Godoro liegemezwe pembeni nje ya picha. Piga kofi tena. Chumba cha kulala chenye kitanda na nguo hushinda ukumbi mkubwa wa kanisa kila mara.

Kisha simama kimya dakika mbili nzima ukisikiliza. Jenereta ya jirani? Honi za pikipiki? Kwaya inayofanya mazoezi? Kama ni kwaya, nenda uwaulize wanamaliza saa ngapi.

Kama mnataka kurekodi nje, tafuta ua wenye ukuta. Usielekeze kamera kwenye kizuizi, askari, kambi, bandari au daraja la Ruzizi, hata kama ziwa linapendeza nyuma yake. Simu zinaweza kuchukuliwa na vijana wako wakashikwa kwa ajili ya picha ambayo wala hamkuihitaji.

## Hatua ya 5: Panga mwanga na simu

Dirisha liwe mbele ya msemaji au pembeni mwake. Likiwa nyuma yake, kamera hufuata mwanga wa dirisha na uso unageuka kivuli.

Epuka shati jeupe na ukuta mweupe. Ngozi yetu nyeusi mbele ya weupe mkali hupotea, kwa sababu simu inapunguza mwanga ili kutuliza ule weupe. Ukuta wenye rangi au kitenge kisicho na maua mengi ni bora.

Laza simu, yaani upana uwe mrefu kuliko kimo. Vikundi vingi hutazama wakiwa watano kuzunguka simu moja au kompyuta, na video iliyolazwa inawaonyesha wote wa onyesho. Tumia kamera ya nyuma. Futa lenzi kwa kitambaa safi. Weka 1080p, fremu 30 kwa sekunde. 4K inakula nafasi bure.

Kamera iwe sawa na macho ya msemaji, na macho yake yakae theluthi ya juu ya picha. Bonyeza uso wake kwenye kioo na ushikilie hadi alama ya kufunga itokee, ili picha isibadilike mwanga kila akisogea.

## Hatua ya 6: Rekodi

Weka simu zote mbili kwenye hali ya ndege. Simu ikiita katikati, rekodi inaweza kukatika.

Simu ya pili iwashe programu ya kurekodi sauti na uiweke kwenye mfuko wa shati la msemaji, maiki ikiangalia juu. Kwa onyesho, iweke katikati ya wanaozungumza, juu ya kitambaa kilichokunjwa.

Zote zikiwa zinarekodi, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo litakusaidia kuunganisha sauti na picha baadaye.

Rekodi sekunde 20 tu, simama, sikiliza kwa spika za masikioni. Msiendelee kabla ya kusikiliza. Nimeona timu imerekodi saa mbili, kumbe maiki ilikuwa inasugua kitambaa tangu mwanzo.

Rekodi kipande kwa kipande kama ulivyoandika, si vyote kwa mkupuo. Msemaji akikosea, anyamaze sekunde mbili, aanze sentensi upya. Asiombe radhi kwenye kamera. Hatazami karatasi: anasoma sentensi mbili, anainua uso, anazisema kama anamwambia rafiki mmoja.

Kila anayeonekana awe amekubali, na ajue video itapelekwa wapi. Ushuhuda wenye majeraha ya mtu, kama vita, unyanyasaji au familia yake, usiurekodi kwa ajili ya mafunzo. Kikundi kikiwa cha shule ya sekondari, wazazi wakubali kwanza.

## Hatua ya 7: Kata

Weka picha kwenye programu, halafu leta sauti ya simu ya pili. Kwenye mchoro wa sauti, kofi linaonekana kama mnara mrefu mwembamba. Panga minara miwili isimame pamoja, kisha zima sauti ya kamera. Tazama midomo: ikifuatana na maneno, umefaulu.

Sasa ondoa kila kisichosaidia tendo. Sentensi nzuri isiyosaidia nayo iondoke; hii inauma, lakini fanya. Kimya cha onyesho kiache.

Maandishi kwenye kioo yasizidi maneno saba, yawe makubwa, yakae muda wa kuyasoma mara mbili. Mapambo ya kupita kutoka picha hadi picha yaache. Wimbo chini ya maneno pia uuache: unafunika sauti kwenye spika ndogo za simu, na ukiwa wimbo wa mtu, YouTube inaweza kuizuia video yako.

## Hatua ya 8: Pima uzito kabla ya kutoa

Hesabu ni hii: megabiti kwa sekunde (programu huiita bitrate), mara sekunde zote, gawanya kwa 8, unapata MB. Video ya sekunde 210 kwa megabiti 0.7 ni MB 18 hivi. Ileile kwa megabiti 8 ni MB 210, na hakuna mwanafunzi atakayeipakua.

Toa nakala mbili, zote ziwe MP4 ya H.264, kwa kuwa simu nyingi za zamani hugoma kufungua HEVC, namna mpya zaidi ya kubana video. Moja ya 480p ya kusambaza, lengo lako lisizidi MB 20. Nyingine ya 1080p ya kuhifadhi kwenye memori kadi. Jina la faili lieleze: "03-swali-linalofungua", si "final final mpya".

## Hatua ya 9: Jaribu kwa viongozi watatu

Watafute watatu ambao hawakuwapo mkirekodi. Mpe kila mmoja video, kaa pembeni, usieleze chochote. Kisha mwambie: "Fanya."

Wakifanya wote watatu, sambaza. Akikwama mmoja, muulize kilichomkwamisha. Wakikwama wawili, rekodi upya kipande hicho. Usiwaulize "mmeipenda?" Watasema wameipenda, kwa heshima.

## Hatua ya 10: Sambaza na uitumie kikaoni

WhatsApp inatosha kwa walio mbali, ila inaruhusu kusambaza kwa mazungumzo matano kwa mara moja, kwa hiyo gawaneni kazi. Kwa walio karibu, Xender au Quick Share hazili mega. Siku ya kikao cha viongozi, mmoja awe nayo tayari na wengine wachukue kwake kabla ya maombi ya kufungua.

Pamoja na video tuma mistari mitatu ya maandishi: tendo, andiko, kazi ya nyumbani. Asiye na mega atasoma na kushiriki.

Kikaoni, tazameni mara moja, fungeni simu, jizoezeni wawili wawili dakika kumi. Katibu aandike kila alipokwama mtu. Karatasi hiyo ndiyo itakayowapa tendo la video inayofuata.

Memori kadi yenye video za 1080p na karatasi za maneno ziwekwe kwenye bahasha moja. Siku ya makabidhiano ya kamati, bahasha hiyo iandikwe kwenye orodha pamoja na muhuri na daftari la fedha, na kiongozi mpya aifungue na kuijaribu palepale kabla ya kutia sahihi.